Ufunguo wa Mtakatifu Eutropi

Jumapili ile ya Septemba niliamka na moyo mwepesi. Hilo peke yake lingetosha kunionya.

Bibi Carlier alikuwa amekubali kuja. Yeye ndiye aliyezunguka mkoa mzima kwa niaba ya kamati ya majengo ya kale, akitazama makanisa yanayobomoka na kuamua lipi liezekwe na lipi lisubiri. Kikanisa chetu cha Mtakatifu Eutropi kilikuwa kimesubiri vya kutosha. Vigae vya upande wa kaskazini vilikuwa vimeporomoka, na maji yalikuwa yakishuka ukutani polepole kuuelekea mchoro ambao hakuna ajuaye aliuchora nani. Mwezi wa tatu niliugusa ukuta ule kwa kidole. Lipu ilikuwa laini kama jibini mbichi.

"Nikiuona mchoro kwa macho yangu nitautetea," Bibi Carlier aliniambia kwenye simu. "Nisipouona, siwezi. Kamati inakaa mwisho wa Septemba, na zamu nyingine ya fedha za mapaa ni baada ya miaka mitatu."

Mchoro usingeishi miaka mitatu. Nilijua mimi, na alijua yeye.

Basi nikapanga. Kila Jumapili mimi huongoza kikundi cha watembezi katika njia za msituni, njia ambazo mimi mwenyewe nazipaka alama za rangi ya manjano kwenye miti na mawe. Jumapili ile ilikuwa siku ya mwaka ambayo majengo ya kale hufunguliwa kwa watu wote, kwa hiyo nilimwomba Bibi Carlier ajiunge nasi. Gari haifiki kwenye kikanisa. Kuna jambo moja nililijua nikaamua kulifumbia macho: Jumapili hiyo hiyo msimu wa kusaka nguruwe mwitu ulikuwa unafunguliwa.

Na kulikuwa na suala la ufunguo.

Kikanisa kiko msituni, katikati ya vijiji viwili, Mazeau ya Juu na Mazeau ya Chini. Zamani za babu zao watu wa vijiji hivyo walipigana makonde kwa sababu ya nani apige kengele, hata padri mmoja aliyekwenda kuamua akapoteza meno. Wakapatana hivi: ufunguo utakuwa mmoja tu. Utakaa Juu mwaka mmoja na Chini mwaka unaofuata, na utakabidhiwa mkono kwa mkono siku ya sikukuu ya mtakatifu, mwezi wa nne. Kijiji kitakachoupoteza kitapoteza zamu yake milele. Mimi ni mtu wa mji mdogo ulio chini ya bonde, si wa Juu wala si wa Chini, na nimeishi miaka yangu yote kwa kuhakikisha sionekani kuegemea upande wowote.

Kwa hiyo nilipiga simu pande zote mbili. Raymonde Peyrat, mtunzaji wa Juu, alisema, "Mwaka huu zamu ni ya Chini, Léonce." Clovis Dumazet, mtunzaji wa Chini, ambaye pia ni mkuu wa wasakaji, alisema, "Njoo tu, tutaona." Huku kwetu mtu akisema "tutaona" amekataa, ila hataki ugomvi kabla ya chakula. Nilijua hivyo. Nikajiambia kwamba safari hii huenda ana maana nyingine.

Tulianza kutembea asubuhi, watu kumi na kidogo, wenye fimbo za kutembelea na mashanta mgongoni. Bibi Carlier alivaa koti jeupe kama maziwa, na viatu vyake vilikuwa vizuri kuliko vyangu. "Sina haraka hadi saa sita," alisema. "Baada ya hapo ninakula kwa mama mkwe wangu. Anaketi mezani saa saba kamili, na sijawahi kuchelewa tangu niolewe."

Hakuna aliyecheka. Sote tulikuwa na mama wakwe, au tuliwahi kuwa nao.

Thibault, mwalimu wa hesabu kutoka mjini, ambaye hujiunga nasi ili apate kitu cha kulalamikia, alikuwa na simu mkononi.

"Bwana Léonce, simu inasema tushike kushoto."

"Simu imewahi kupita hapa?"

"Inasema njia ya kushoto ni fupi."

"Ni fupi kwa sababu inaishia kwenye kinamasi cha Desforges. Ukizama, simu itatuonyesha mahali pa kukutafuta."

Wenzake wakacheka, naye akatia simu mfukoni. Baada ya hatua chache akaitoa tena.

Mazeau ya Juu ndiyo ya kwanza njiani, nikaona si vibaya kupita kwa Raymonde, niuone uso wake na si kusikia sauti yake tu. Hilo lilikuwa kosa. Huwezi kupita kwa Raymonde. Unaingia kwa Raymonde. Alikuwa na pai ya viazi mezani, krimu ikichuruzika pembeni, na chupa ya divai ya matunda ya mjozi aliyoitengeneza mwenyewe.

"Kaa chini, Léonce. Mtu hasimami jikoni mwangu kama mtoza kodi."

"Mama Peyrat, nina wageni nje."

"Nao waingie. Wanaogopa viti?"

Wakaingia wote. Nilihesabu kila kipande alichokata na kila dakika iliyokwenda nacho, huku nikitabasamu, kwa maana kukataa pai ya Raymonde ni kutangaza vita.

"Huyu Bibi amekuja kuona mchoro," nikasema. "Ufunguo—"

"Mimi sina ufunguo. Tangu mwezi wa nne zamu ni ya Chini, kila mtu anajua. Bibi, ongeza krimu, mwili wako umekonda."

"Uliukabidhi vizuri?"

Alinitazama kana kwamba nimeuliza kama alizaliwa ndani ya ndoa. "Nilikwenda siku ya sikukuu na Clovis akaja. Mkono wangu na mkono wake ilikuwa juu ya ufunguo. Unataka nini tena, mashahidi?"

Lilikuwa jibu kamili. Nilipotoka nikaona amekwisha vua aproni, akaniambia anakwenda kuwatazama kuku wake. Mabanda ya kuku yako mashariki. Yeye alielekea magharibi. Nililiona hilo nisilitilie maanani, kwa sababu nilikuwa nikimkimbiza Thibault aliyeanza kumweleza Bibi Carlier namna mapaa yanavyopaswa kujengwa.

Tuliposhuka bondeni tukakuta njia imezibwa kwa ubao: MSAKO UNAENDELEA. Nyuma ya ubao, juu ya kiti cha kukunja, alikaa Clovis Dumazet katika kizibao cha rangi ya chungwa, baragumu likining'inia kifuani na bunduki iliyofunguliwa mapajani. Kwa mbali mbwa walikuwa wakibweka.

"Léonce!" alinong'ona kwa sauti ambayo ingeweza kusikika hadi kanisa kuu la mkoa. "Wewe una akili kweli? Unaniletea kwaya nzima katikati ya msako? Nguruwe wote wamekwisha hamia wilaya nyingine!"

"Clovis, nilikuambia kwenye simu."

"Nami nikakuambia tutaona. Sasa tumeona. Zungukeni kwa banda la kufulia."

"Baba Dumazet, ufunguo uko wapi?"

Akakuna shingo. Akatazama miti. Akamtazama Bibi Carlier na koti lake, akavua kofia kwa heshima, akaivaa tena.

"Uko mahali pake."

"Mahali pake ni wapi?"

"Mahali pake ni mahali pake, Léonce. Ufunguo una mahali pamoja tu."

"Utanipa?"

"Mkononi sina. Nitazame." Akageuza mifuko yake yote ya kizibao, mmoja mmoja, ikatoka kamba, kisu, kipande cha soseji na leso. "Msako hauachwi kabla ya mapumziko ya mchana. Mtu akipigwa risasi leo, nani atajibu? Wewe na rangi yako ya manjano?"

Hilo nalo lilikuwa kweli. Kama mtu angeniambia uongo asubuhi ile ningeweza kukasirika na kupumua; lakini walinipa kweli tupu, kila mmoja kipande chake, na kila kipande kilinifungia mlango mwingine.

Miaka ya zamu ya Chini ufunguo hutundikwa kwenye msumari, nyuma ya boriti ya banda la kufulia. Nikadhani hapo ndipo mahali pake. Tukazunguka. Nikapanda ukingo wa birika, nikapapasa nyuma ya boriti, nikapata msumari, utando wa buibui, na nyigu mmoja aliyekuwa na hasira kuliko mimi.

"Amekuuma?" akauliza Thibault.

"Hapana, amenisalimu."

Wakati tunafika kwenye kikanisa kidole changu kilikuwa kimevimba, na jua lilikuwa karibu utosini. Mlango ulikuwa umefungwa. Niliusukuma hata hivyo, mara mbili, mbele ya wote, kama mtu anayejaribu kumwamsha maiti. Watembezi wakakaa nyasini na kufungua chakula chao. Thibault akachungulia tundu la kitasa.

"Sioni kitu. Limezibwa."

"Ni kutu," nikasema.

"Linang'aa kwa ndani."

"Thibault, tafadhali, kula sandwichi yako."

Bibi Carlier hakulalamika, na hilo ndilo lililoniumiza. Alizunguka kuta alizoweza kuzizunguka hadi kwenye miiba, akapiga picha za paa, akarudi akakaa nami kwenye ngazi.

"Nielezee basi," alisema. "Kuna nini humo?"

Nikamweleza. Mariamu na mtoto wanamkimbia mfalme. Wanapita kando ya shamba ambapo mtu anapanda ngano. Wakishapita tu, ngano inaota na kuiva papo hapo. Askari wanafika, wanamuuliza mkulima kama ameona mwanamke na mtoto. Naye, akiwa na mundu mkononi, anasema: ndiyo, walipita nilipokuwa napanda. Askari wanatazama ngano iliyoiva, wanageuza farasi. Mchoraji wetu alimpa mkulima uso wa mtu wa huku: pua kubwa, jicho moja dogo kuliko jingine, mdomo uliofungwa kama mkoba wa bahili.

"Hakusema uongo," alisema Bibi Carlier.

"Hata neno moja."

"Ningependa kumwona." Akatazama saa yake, akainuka, akakung'uta koti. "Bwana Léonce, nisamehe. Siwezi kuandika habari ya kitu nilichosimuliwa. Nawe usingetaka niandike hivyo."

Sikutaka. Niliinuka pia. Nilimpa mkono wenye kidole kilichovimba. Miaka sita nilikuwa nimeandika, nimepiga simu, nimengoja kwenye korido. Na sasa pai ya viazi, nguruwe na msumari mtupu. Nikasema tu, "Njia ya kurudi ina alama za manjano."

Hapo kengele ikalia.

Ililia juu ya vichwa vyetu, ngoo, ngoo, kwa sauti nzito ya kuchelewachelewa. Watembezi wote wakaacha kutafuna. Mimi nilibaki nimeduwaa kwa sababu nyingine: kila Jumapili saa sita, kutoka bustanini kwangu, niliisikia kengele hiyo. Nimeisikia mwezi wa tano, wa sita, wa saba. Asubuhi nzima nilikuwa nikitafuta ufunguo bila kujiuliza hata mara moja ni nani anayeingia kuipiga.

"Bwana Léonce," Thibault alisema taratibu, "kengele zenu hujipiga?"

Nilikimbia nyuma ya jengo, penye miiba na upupu. Kulikuwa na kijia chembamba, majani yamekanyagwa, na mwishoni mlango mdogo wa sakristia, chumba cha padri cha kuvalia, ambao mimi niliamini umejengewa mawe tangu vita. Ulikuwa umejengewa nusu tu. Nusu ya chini ilikuwa ubao. Nikapiga magoti, nikapita.

Ndani, Raymonde Peyrat na Clovis Dumazet walikuwa wananing'inia kwenye kamba moja. Raymonde alishika juu, naye Clovis chini, kizibao cha chungwa na sweta la buluu, wakivuta pamoja na kuhema pamoja kama watu waliofanya kazi hiyo mara nyingi.

"Mnafanya nini?" nilipiga kelele.

"Usituhesabishe vibaya!" alifoka Raymonde. "Nane! Vuta, Clovis!"

"Navuta! Wewe ndiye umeninyima kamba!"

"Tisa!"

Nikasubiri hadi kumi na mbili. Ningefanya nini? Kengele ilipotulia wakaachia kamba, na ndipo wakakumbuka kwamba wana aibu. Clovis alielekeza kidevu chake kwenye mlango mkubwa. Nilikwenda kutazama. Kwa upande wa ndani, katika kitasa, ilikuwa nusu ya ufunguo, iliyovunjika, shaba yake iking'aa.

"Mahali pake," alisema Clovis.

Ikatoka yote. Siku ya sikukuu walikuja kukabidhiana, wakaingiza ufunguo kwa ndani, kufuli likakaza, wakauzungusha pamoja, ukakatika.

"Mkono wake ulikuwa juu," alisema Clovis.

"Na wake ulikuwa chini. Sasa aliyesukuma ni nani?"

"Aliyesema 'kaza, wee mzee, huna nguvu' ni nani?"

Kwa mujibu wa mapatano, upande uliopoteza ungepoteza zamu milele, na hakuna aliyeweza kusema ni upande gani. Fundi wa kufuli wa mjini ni binamu yake Raymonde. Angewaambia watu wa Juu kabla ya kuwasha mashine. Yule fundi mwingine husaka pamoja na Clovis; watu wa Chini wangejua kabla ya jioni. Kwa hiyo wakanyamaza. Kengele ilipaswa kulia, maana isipolia vijiji vyote viwili vingekuja mbio kuuliza. Na kengele ni nzito. Hakuna kati yao aliyeweza tena kuivuta peke yake.

"Miezi yote hii," nilisema, "mnaingia kwa magoti."

"Mgongo wangu unakusalimu," alisema Clovis.

"Na asubuhi hii mmenizungusha kama punda wa kinu! Wote wawili! Mnajua kuna nini ukutani, mnajua paa—"

"Hatukukudanganya," alisema Raymonde.

Nyuma yake, juu ya bega lake, mkulima wa ukutani alikuwa ananitazama kwa jicho lake dogo.

Nikatoka kwa magoti. Bibi Carlier alikuwa amesimama kwenye upupu, saa mkononi. Alitazama mlango, akatazama koti lake jeupe. Kisha akalivua, akamkabidhi Thibault, akapita chini ya ubao kama msichana anayeiba matofaa.

Alikaa ndani muda mrefu. Aliweka kiganja karibu na ukuta bila kuugusa, akafuata doa la maji kutoka juu hadi miguuni pa mkulima, ambako ngano ilikuwa imeanza kufutika. Akawaomba Raymonde na Clovis wamshikie taa, mmoja kila upande, nao wakashika, wakiambiana, "Inua," "Umeinua wewe sana."

"Litaezekwa," alisema mwishowe. "Hili nitalipigania. Jambo moja tu. Lazima niandike jina la mtunzaji wa ufunguo. Mtu mmoja, wa kudumu. Kamati haitoi hata kigae bila jina."

Wote wawili wakasema mara moja.

"Mwandike yeye."

"Mimi? Niandikwe, halafu Juu waseme nimenyang'anya?"

"Na mimi niandikwe, Chini wanichomee ghala?"

"Hakuna anayetaka ghala lako, lina panya!"

"Panya wake walitoka kwako!"

Bibi Carlier alinitazama. Ilikuwa imepita saa sita na nusu, na nilifikiria meza ya mama mkwe wake, na supu inayopoa, na lipu laini kama jibini. Nilifikiria pia jinsi nilivyoishi bila kuegemea popote, na jinsi nilivyopenda maisha hayo.

"Niandike mimi," nilisema. Sauti yangu ilitoka kali kuliko nilivyokusudia. "Niandike mimi, twende tukale!"

Paa liliezekwa kabla ya theluji. Fundi kutoka mkoa mwingine alitengeneza kufuli jipya, na ufunguo, mmoja tu, unaning'inia jikoni kwangu kando ya kalenda. Mkulima amebaki na ngano yake yote, isipokuwa masuke machache pembeni. Watu wa Juu wanasema Léonce wa bondeni aliwaibia ufunguo wa babu zao. Watu wa Chini wanasema hivyo hivyo, kwa maneno yale yale, na nimeambiwa kwamba tangu vijiji hivyo viumbwe ni mara ya kwanza vinakubaliana juu ya jambo. Nikipita Mazeau ya Juu na watembezi wangu, Raymonde hanikaribishi ndani. Ananipitishia pai dirishani, akitazama kando ili majirani wasiseme. Clovis, nikimsalimu, hujibu, "Tutaona."

Nami kila Jumapili saa sita, nikiwa bustanini, ufunguo uko jikoni kwangu, mlango nimeufunga mwenyewe, na kengele inalia. Huwa naihesabu. Ni kumi na mbili, na kati ya ya nane na ya tisa pana kituo kidogo, kama cha watu wawili wanaogombania kamba.